Makazi ya Moyo

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Siogopi, ni kwamba kibali cha kuitaja niliomba mwaka juzi na bado kinashughulikiwa. Itoshe kusema kwamba ipo, kwamba mistari ya barabara zake hupakwa chokaa kila mwezi, na kwamba watu wake ni wapole kuliko watu wowote niliowahi kusikia habari zao. Sokoni hawanadi, wanaonyesha kwa kidole. Ukimkanyaga mtu kwenye foleni, anayeomba radhi ni yeye.

Katika nchi hiyo aliingia Lugendo, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, sanduku moja la nguo, sanduku moja la vifaa vya kazi, na mama yake mzazi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Hospitali aliyokuwa akifanyia kazi kwao iliishiwa plasta, ikaishiwa nta, mwishowe ikaishiwa hata jengo, maana jengo lilifanywa ukumbi wa harusi. Huku alikokuja, fundi wa meno alikuwa akitafutwa kama dawa. Watu wa nchi hiyo walikuwa na tabia ya kusaga meno usingizini, na wengi wao wakifika miaka hamsini walikuwa wamekwisha kuyasaga yote. Wizara ilichunguza ikagundua kwamba sababu ni maji ya kunywa.

Mama yake aliitwa Bi. Nyamizi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa kabisa, la kulia lilibaki likiona vivuli. Lugendo alikuwa mwanawe wa pekee, na aliposikia kwamba katika nchi ile macho ya namna hiyo hupasuliwa kwa nusu saa tu, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo akihesabu majani ya miti, hakufikiri mara mbili. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa awe mkaazi.

*

Idara ya Mapato na Makazi ilikuwa na ghorofa kumi na moja na vioo visivyoonyesha ndani. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi za shaba: KARIBU. TULIKUWA TUNAKUNGOJA. Lugendo aliyasoma maneno hayo mara mbili, na bila kujua kwa nini akajipapasa mfukoni kuona kama hati yake ya kusafiria ipo.

Kwenye Dirisha la Nne alikuwako binti mmoja mwenye sauti laini na kucha zilizokatwa sawasawa. Alimweleza kwamba fundi wa meno hawezi kugusa kinywa cha mtu kabla hajapata namba ya mlipakodi. Kwamba namba hiyo hupewa mkaazi. Na kwamba mkaazi ni yule mwenye namba. Lugendo, aliyekulia kwenye foleni za ofisi za kwao, akacheka kidogo. Binti hakucheka. Alisema hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani, na watu walizunguka baina ya ghorofa ya pili na ya sita mpaka wengine wakazeekea kwenye ngazi. Lakini Serikali ilisikia kilio. Iliunda Tume ya watu kumi na watano, nayo Tume ikakaa miaka tisa, ikagundua kwamba chanzo cha mkanganyiko wote ni mwili. Mwili, ilisema ripoti ya Tume, unaweza kukaa popote, hata kwa kungojea mvua ipite. Kinachokaa kweli ni moyo. Hapo ndipo ilipotungwa Sheria ya Makazi ya Moyo. Siku hizi Mpimaji humjia mwombaji nyumbani, humhoji, huupata moyo wake ulipo, na pale unapopatikana ndipo mwenyewe anapolipia kodi. Namba na hati ya ukaazi hutoka siku moja.

Lugendo aliuliza itakuwaje Mpimaji akikuta moyo wa mtu haupo.

Binti alisema huyo huandikiwa Moyo Haupo, akarudishwa kwao ndani ya siku saba, kwa heshima zote, na maji ya njiani akapewa.

"Na ukiwa nusu huku, nusu kule?" Lugendo alimuuliza kwa mzaha.

Binti aliacha kuandika. Alitazama pembe ya dari, kisha akaitazama kalamu yake.

"Huo ni Moyo Mseto," alisema taratibu. "Wenye Moyo Mseto hupelekwa Kituo cha Kukusanya. Wanasaidiwa kuukusanya."

"Inachukua muda gani?"

"Bado hatujapata wa kumuuliza."

Akamsukumia fomu mbili, ya kwake na ya mama yake, kila moja kurasa arobaini na moja, na kumtakia siku njema. Lugendo alipogeuka aliona kwamba watu wote waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wamesogea hatua moja nyuma, kwa wakati mmoja, bila mtu kuwaambia.

*

Walipangiwa chumba na sebule katika nyumba ya Mzee Tindwa, mtu mwembamba aliyevaa viatu vya mpira visivyotoa sauti. Kwa mujibu wa sheria, mwenye nyumba yeyote aliyepangisha wageni alikuwa Mhesabu Malazi wa Serikali. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mzee Tindwa alifungua mlango kwa ufunguo wake, akagonga ukingo wa kila kitanda kwa fimbo, akasema "Mmoja," kisha "Wawili," akaandika kwenye daftari na kutoka. Siku ya kwanza Lugendo aliruka akasimama wima. Baada ya wiki mbili alikuwa akiamka saa kumi na moja na kulala macho wazi, akimngoja.

Mama yake ndiye aliyekuwa tatizo. Siku ya tatu alimjibu Mzee Tindwa kutoka chini ya shuka, kwa ile sauti yake ya kuitana kutoka bondeni, kwamba yeye amehesabiwa mara mbili tu maishani, siku ya sensa na siku ya kupokea chakula cha njaa, na mara zote mbili aliyemhesabu aliaga alipoondoka. Mzee Tindwa alisimama kidogo, akafuta alichoandika, akakiandika tena. Tangu siku hiyo Lugendo alikuwa akitoka nje mlangoni na kumuaga mzee kwa niaba ya mama, akimshukuru kwa kuwahesabu.

Ng'ambo ya ua palikuwa na kibanda cha fundi cherehani, mgeni kama wao, kutoka nchi ya upande mwingine. Alikuwa amekwisha kupimwa na alikuwa akingoja jibu. Alhamisi moja kibanda hakikufunguliwa. Lugendo alimuuliza Mzee Tindwa fundi amekwenda wapi, na mzee akamuuliza fundi gani. Kitambaa chekundu kilikuwa bado kimening'inia kwenye cherehani, nusu kimeshonwa. Adhuhuri watu wawili wenye adabu walikuja na mkokoteni wakaichukua cherehani, kitambaa kikiwa bado kwenye sindano.

Tangu hapo Lugendo hakulala vizuri. Alianza kujaza zile fomu kwa penseli, akafuta, akajaza tena. Maswali yenyewe hayakuwa magumu. Yalitisha kwa wepesi wake. Ukinusa mvua ya kwanza, unakumbuka udongo upi? Ukijikwaa, unataja jina la nani? Taja wimbo unaouimba ukidhani huna msikilizaji. Yeye akijikwaa alikuwa akimtaja marehemu baba yake. Aliandika: la Kamishna Mkuu wa Idara. Kwenye fomu ya mama, ambayo ilibidi aijaze yeye kwa sababu ya macho, aliandika vilevile, na kwa mara ya kwanza maishani akatia saini ya uongo kwa mkono usiotetemeka.

Kisha akaanza kumfundisha mama kujibu.

"Mama, ukiulizwa unaota nini, utasema unaota Mnara wa Mapato."

"Ukoje huo mnara?"

"Mrefu. Una saa juu."

"Naota mnara mrefu wenye saa," Bi. Nyamizi alisema, akichambua mchele kwa vidole. "Na wakiuliza ni saa ngapi?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi hata wewe sikuoni, baba. Huo mnara wao nitauona na nini?"

Walirudia hivyo siku kumi na moja. Bi. Nyamizi alikuwa akijibu vizuri asubuhi, na ikifika jioni amesahau, au anasema amesahau. Lugendo alimwomba, akambembeleza, mara moja akamfokea, kisha akakimbilia dirishani kuona kama amesikika. Ua ulikuwa mtupu. Hilo halikumtuliza hata kidogo.

*

Mpimaji alikuja Jumatano saa nne asubuhi. Jina lake Bwana Mwidadi. Alivua viatu mlangoni, akavipanga, akasalimia kwa kuinama, akatoa mkobani chupa yake mwenyewe ya chai na kikombe chake mwenyewe, kwani Sheria ilimkataza kupokea kitu kwa mwombaji. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye uso wa mjomba anayekuja na zawadi. Lugendo alitarajia mtu wa kutisha. Alipoona si wa kutisha, akazidi kuogopa.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi: Bwana Mwidadi alikishika kifundo cha mkono cha mwombaji kwa vidole viwili, kama muuguzi, akauliza maswali kwa upole, na kwa mkono wa pili akaandika. Hakutazama uso wa mtu. Alitazama saa yake.

Alianza na Lugendo. Unaota nini? Mnara wa Mapato. Unakumbuka udongo upi? Wa hapa. Umekaa hapa siku ngapi? Hamsini na nane, ingawa kwangu ni kama nimezaliwa hapa. Kila akijibu, vidole vile viwili vilikaza kidogo na kalamu ikatembea. Lugendo aliyasikia mapigo yake mwenyewe yakigonga kwenye vidole vya yule mtu kama mtu anayebisha mlango kuomba kuingia. Alijaribu kuyatuliza yakazidi. Bwana Mwidadi akatabasamu, yakashuka. Bwana Mwidadi akalitaja jina la Idara, yakapanda tena. Ilichukua saa nzima. Alipoachiwa, shati lilikuwa limemgandia mgongoni na alama za vidole zilikuwa zimebaki kwenye ngozi.

Ikawa zamu ya mama. Lugendo alikaa kando yake na kumkanyaga mguu kidogo, kumkumbusha.

"Bibi, unaota nini?" Bwana Mwidadi aliuliza.

"Huyu mwanangu anataka niseme mnara," Bi. Nyamizi alijibu. "Lakini mkono wangu unao wewe, bora nikwambie kweli. Naota ua wangu. Kuna shimo la choo marehemu mume wangu alilianza akafa hajalimaliza. Naota nimetumbukia humo, naye amekaa juu, ananicheka."

Lugendo alifumba macho. Alimwona fundi cherehani. Aliiona cherehani ikipelekwa kwa mkokoteni.

Bwana Mwidadi aliendelea kuuliza, na mama akaendelea kujibu kama anayeongea na jirani. Alisema akinusa mvua anakumbuka shamba la viazi. Alisema wimbo anaouimba si wa kusikilizwa na mwanamume. Alisema nchi hii ni safi na watu wake wana adabu, ila haelewi kwa nini hakuna anayecheka, na kwamba yeye amekuja kwa ajili ya macho. Akipona, na Mungu akipenda, atapenda afe kwake. Kalamu ya Mpimaji ilitembea polepole. Mara moja alisimama akavibadilisha vidole, kama anayedhani amevishika vibaya.

Baadaye mama aliuliza swali lisilokuwamo kwenye fomu.

"Na wewe, mwanangu, mama yako yu hai?"

Mkono wa Bwana Mwidadi uliokuwa ukishika sasa ulikuwa umeshikwa; Bi. Nyamizi aliugeuza tu, bila nguvu, akauweka kiganjani mwake.

"Yu hai," alisema. "Yuko Kituoni."

"Kituo gani?"

"Cha Kukusanya. Nilimpima mimi." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma tarehe. "Mwaka wa nne sasa."

"Unamwendea?"

"Mpimaji haruhusiwi."

Lugendo aliona macho ya Bwana Mwidadi yakitoka kwa mama na kumwendea yeye, na katika macho hayo akakiona kitu alichokijua vizuri, maana alikuwa ameamka nacho kila siku kwa wiki nane. Hakuna aliyemuuliza lolote. Lakini kinywa chake kilifunguka chenyewe.

"Mimi sikusikia kitu," Lugendo alisema.

Bwana Mwidadi akaupinda mgongo juu ya karatasi zake, akaandika mstari mrefu kuliko yote aliyokuwa ameandika siku hiyo. Alikunja kila kitu, akamimina chai iliyobaki kwenye kikombe cha mama yake Lugendo, jambo ambalo Sheria haikulitaja popote, akavaa viatu na kuondoka.

*

Majibu hutolewa katika Ukumbi wa Shukrani, kila mwisho wa mwezi, mbele ya Kamishna Mkuu. Siku hiyo waombaji walikuwa kumi na saba. Viti viliwekwa vikitazamana na milango mitatu iliyofungwa, na ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba milango ni mitatu na hukumu ni tatu.

Kamishna Mkuu alizungumza kwa saa mbili na robo. Alisema Serikali haimlazimishi mtu kupenda. Inapima tu, na kipimo hakina chuki. Alisema mataifa mengine huhesabu siku za mtu, na mengine huhesabu mali zake, mambo ya kishamba kabisa, lakini taifa hili peke yake duniani limethubutu kumheshimu mgeni kiasi cha kuingia ndani ya kifua chake. "Ndugu waombaji," alisema, "kodi ni mapenzi yaliyoandikwa." Akasubiri. Watu wakapiga makofi. Lugendo alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, na aliona kwamba anatazama pembeni ili asiwe wa kwanza kuacha. Mama yake alikuwa amesinzia.

Majina yakaanza kuitwa. Mlango wa kati ulipofunguliwa kwa mtu wa kwanza, mwanamume mmoja mwenye ndevu, haikutoka sauti yoyote ndani yake, wala taa haikuonekana. Aliingia akiwa ameshika kofia. Mlango ukafungwa taratibu sana, kama unavyofungwa mlango wa chumba alicholala mtoto.

Jina la Lugendo lilikuwa la tisa. Aliitwa mlango wa kulia. Miguu ilimbeba, akashangaa kwamba inajua njia. Ndani palikuwa na meza, kitabu cha wageni, na karani aliyempa bahasha mbili, maana ya mzazi asiyeona hupokelewa na mwanawe, na kumpongeza.

Ya kwanza ilikuwa na hati yake ya ukaazi, daraja la kwanza, ambalo hata waliozaliwa nchini humo hulipata kwa nadra, pamoja na namba ya mlipakodi yenye tarakimu kumi na nne. Ripoti ya Mpimaji ilikuwa imeambatishwa. Alisoma kwamba mapigo ya mwombaji yalipanda kila Idara ilipotajwa na kushuka kila Mpimaji alipotabasamu. Alisoma kwamba majibu yake yote yalikuwa ya uongo, tena uongo ule ule, kwa maneno yale yale, unaotolewa na wananchi. Alisoma kwamba kuna jambo lilisemwa mbele yake, na kabla hajaulizwa, kwa hiari yake, alikana kulisikia. "Hofu ya namna hii," ripoti ilimalizia, "haifundishiki kwa muda mfupi. Mwombaji ni mwenyeji. Inawezekana alikuwa mwenyeji kabla hajafika."

Bahasha ya pili ilikuwa ya mama yake. Karatasi moja. Mapigo ya mwombaji hayakubadilika kwa saa moja na dakika ishirini. Moyo Haupo. Siku saba.

*

Lugendo aliuliza habari za macho. Aliuliza kwa sauti ndogo, akitanguliza shukrani. Karani alimweleza kwamba mlango haujafungwa kabisa: uamuzi unaweza kukatiwa rufaa, na hospitali humpasua mgonjwa ambaye rufaa yake inasikilizwa, maana Serikali si katili. Ni fomu ya ukurasa mmoja. Isipokuwa rufaa huletwa na mkaazi, na mkaazi anayeutilia shaka uamuzi wa Idara huwa ameonyesha kwamba sehemu ya moyo wake iko kwingine. Kwa hiyo naye hupimwa upya.

"Hupimwa na Bwana Mwidadi?"

Karani alisema Bwana Mwidadi hayupo tena. Kuna chai aliimimina mahali.

Fomu ya rufaa Lugendo aliijaza siku hiyo hiyo, kwa wino, bila kufuta hata neno. Aliichukua kesho yake akaenda nayo mpaka Dirisha la Nne. Palikuwa na watu wawili tu mbele yake. Alimpisha aliyekuwa nyuma. Akampisha na mwingine. Ilipofika saa saba alikuwa amewapisha watu ishirini na watatu, na kila mmoja alimshukuru kwa kuinama. Siku ya pili akafanya vilevile. Siku ya tatu alifika mbele ya dirisha kabisa, na yule binti mwenye sauti laini akauliza amsaidie nini. Lugendo alisikia vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Alitazama, hapakuwa na kitu.

Alisema alikuja tu kuwatakia kazi njema.

Nyumbani alimwambia mama kwamba dirisha lilikuwa limefungwa. Bi. Nyamizi alikuwa amekaa mkekani akikunja nguo zake kwa kupapasa, upindo kwa upindo. Aliuliza kama limefungwa siku zote tatu. Lugendo alisema ndiyo. Mama alinyoosha mkono, akautafuta uso wake, akaushika. Aliyapapasa mashavu na paji, kama anayesoma kitu kilichoandikwa huko kwa herufi za kuchonga.

"Umekonda, baba," alisema. "Lete ile kanga ya kijani, iko chini ya sanduku."

Hakuliuliza tena jambo hilo.

*

Gari la Idara liliwashusha mpakani siku ya saba, saa tano asubuhi, likageuka. Dereva alimpa Bi. Nyamizi chupa mbili za maji, kama ilivyoahidiwa.

Mpaka wenyewe ulikuwa mstari mweupe wa chokaa uliokata barabara. Mlingoti wa kuzuia magari ulikuwa umeng'olewa upelekwe kupakwa rangi. Palikuwa na kibanda, na mlinzi mmoja aliyekaa kwenye kigoda akimenya karanga, amevaa fulana tu kwa sababu ya joto, koti la kazi ameliangika msumarini. Alimgongea Bi. Nyamizi muhuri, akamtakia safari njema. Ng'ambo, hatua kama kumi hivi, wanawake walikuwa wakiuza mahindi ya kuchemsha chini ya turubai, na kelele zao za kubishana zilisikika mpaka huku.

Mlinzi alimtazama mama, akayatazama macho yake.

"Mvushe mpaka pale kwa wale kinamama," alimwambia Lugendo. "Hatua kumi tu. Mimi sioni tatizo."

Lugendo aliuliza kama imeandikwa mahali kwamba inaruhusiwa.

Mlinzi akafikiri. Alisema hakumbuki kama imeandikwa kwamba imekatazwa.

"Lakini imeandikwa kwamba inaruhusiwa?"

Mlinzi aliacha kumenya. Karanga alizokuwa nazo mkononi akazirudisha kwenye karatasi moja moja. Akatazama barabara ilikopotelea gari, kisha akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akainyoosha ubavuni.

"Lugendo," mama aliita, amekwisha kujitwisha mzigo wake kichwani na mkono wa kulia ameuweka wazi pembeni, tayari kushikwa. "Nishike nivuke."

Lugendo aliutazama mkono ule. Hakuna aliyemzuia. Hili nalisema wazi, kwa sababu wapo watakaodhani alizuiwa. Mlinzi hakuwa na silaha, mlingoti haukuwapo, na mstari ulikuwa wa chokaa, tena umekanyagwa na mbuzi. Aliuambia mguu wake uende. Aliuambia mara ya pili. Alihisi ulimi umegeuka kipande cha nta, na akajua kwamba akikaa kimya kidogo tu, jambo hili litakwisha lenyewe.

Bi. Nyamizi alingoja. Mkono ulibaki wazi kwa muda ambao mlinzi, alipousimulia baadaye, hakuweza kuukadiria. Kisha akauteremsha, akatanguliza mguu mmoja, akaipapasa lami kwa kandambili, akavuka peke yake. Alipofika katikati aliyumba, akamtaja mumewe, akasimama sawa, akaendelea.

Muuza mahindi mmoja alitupa gunzi akamkimbilia na kumshika kiwiko.

"Jamani, mama, na macho haya umekuja peke yako? Huna mtu?"

"Ninaye," alisema Bi. Nyamizi. "Mwanangu yuko pale."

Mwanamke alikinga jua kwa kiganja, akatazama. Nyuma ya mstari aliwaona wanaume wawili wamesimama wima bega kwa bega, mikono ubavuni, macho mbele, wala hakuna hata mmoja aliyesogea.

"Yupi, mama?"

Bi. Nyamizi aligeuza kichwa akatega sikio kule alikotoka, kama mtu anayengoja kuitwa. Alingoja mpaka mwanamke akadhani hakusikia, akataka kumuuliza tena.

"Twende," alisema.